Gauni la Kijani Kabla ya Kuganduka

Mdogo wangu Ursula alifariki Jumatano, tarehe 15 Juni 2022, saa nne asubuhi, mjini Gitega. Mimi nilikuwa Muyinga, dukani, nimeshika mita, ninampimia mama mmoja kitenge cha maua ya zambarau. Simu ikalia. Alikuwa shemeji yangu Kasiano, mume wa Ursula. Alisema maneno yote mara moja, kama mtu anayesoma tangazo: kichwa kilikuwa kinamuuma tangu Jumatatu, jana walimpeleka hospitali, leo asubuhi amekufa, mazishi Ijumaa.

Nilimaliza kupima. Mita sita. Nikakata sawasawa, nikakunja, nikampa yule mama na chenji yake. Bwana Kamrudin, mwenye duka, alikuwa ananitazama kutoka mezani kwake.

"Jeska, binti yangu, mbona umekata bila kuuliza kama atachukua na kilemba?"

Ndipo nikakaa chini, juu ya robota la vitambaa.

Naandika haya kwa sababu kwetu hakuna mwingine wa kuyaandika. Baba na mama yetu walizikwa Lukole, kambi ya wakimbizi, kule Ngara, Tanzania. Tuliporudi Burundi mwaka 2007 tulikuwa wawili, mimi na umri wa miaka ishirini na yeye kumi na mitano, na turubai moja, na sufuria. Tangu hapo, kila penye karatasi inayouliza jina la ndugu wa karibu, mimi niliandika Ursula na yeye aliandika Jeska.

Ursula alikuwa mtu wa nguo. Hata kambini, misaada ya mitumba ilipokuja, wengine walitafuta koti zito, yeye alitafuta koti lenye bitana nzuri, akaifumua, akajishonea blauzi. Mama alimchapa kwa ajili ya bitana ile, halafu Jumapili akamwomba blauzi aende nayo kanisani.

Muyinga ilimtosha miaka minane. Alisema ni mji wa kulala mapema. Akaenda Gitega na cherehani ya mkono, akapanga vyumba viwili mtaa wa Magarama, cha mbele akafanya kazi, cha nyuma akalala. Wakati ule Gitega haijawa makao makuu. Ilipokuwa makao makuu alinipigia simu akacheka: "Dada, nimekaa tu, mji mkuu umenifuata." Wakaanza kuja watu wa maofisi na wake zao, zikafunguliwa baa zenye viti vya mito, zikaja saluni. Wateja wakaongezeka. Akaolewa na Kasiano, mwalimu wa mtaa wa Mushasha, mtu mpole anayevaa shati moja la bluu ambalo Ursula alilishona mara tatu, lile lile, kwa sababu hakutaka rangi nyingine.

Mimi nilikwenda kwake kila baada ya miezi mitatu. Napanda teksi ya Probox asubuhi Jumamosi kupitia Karusi, na mzigo wa vitambaa kutoka dukani kwa Bwana Kamrudin, na sambusa ambazo mke wake, Mama Rubina, alimfungia Ursula kwenye gazeti. Jumapili tunakwenda misa Mushasha. Halafu saa tisa alasiri tunakwenda kwa Nazario.

Kwa Nazario ni baa iliyo mwisho wa Magarama, ua mpana wenye paa la mabati nusu na nusu wazi. Jiko la mishikaki liko mlangoni, ili moshi ukuite. Mbuzi, ndizi za kuchoma, pilipili ya mafuta, na Jumapili, kama barabara ya Bujumbura ilikuwa nzuri, samaki wa mukeke wa ziwani. Bendi inaanza saa tisa na inaendelea mpaka watu wachoke. Mpiga gitaa anaitwa Waziri, mtoto wa Buyenzi, Bujumbura, mwenye kofia nyeupe na miwani ya jua ambayo haivui hata mvua ikinyesha. Hapo ndipo nilipomwona Ursula akifanya kazi yake hasa.

Maana Ursula hakumpa mteja nguo ambayo haijachezwa. Alishona, akapiga pasi, halafu Jumapili akaivaa yeye mwenyewe kwa Nazario kabla ya mteja kuivaa. Mteja akiwa mnene kuliko yeye, alijifunga kitenge kiunoni, kimoja au viwili, mpaka akajaa. Mteja akiwa mwembamba, alivuta pumzi na kuacha kula. Alikuwa na utaratibu. Kwanza anainua mikono yote miwili, kama anapungia watu wa mbali. Halafu anakaa, anakula mishikaki, anainama kuchukua chupa chini. Halafu anacheza nyimbo mbili, moja ya polepole na moja ya haraka. Uzi ukilia popote, anarudi nyumbani na kufumua.

"Mtu hanunui gauni la kusimama," aliniambia. "Kusimama hata gunia linasimama."

Wateja wengine walijua, wengine hawakujua. Kuna mke wa mkubwa mmoja alikuta gauni lake lina harufu ya moshi wa mbuzi. Ursula akamwambia ni pasi ya makaa.

Bendi yote ilijua. Waziri alikuwa akimwona anaingia na nguo mpya, anasema kwenye kipaza sauti, "Mesdames et messieurs, leo iko kontroli tekiniki." Watu wanacheka, maana hilo ni jina la ukaguzi wa magari. Ursula anainua mikono.

Tulimzika Ijumaa. Tulikaa siku chache nyumbani kwa Kasiano, tukanyoa, tukanawa, watu wakaanza kurudi makazini. Kasiano alisimama akashukuru, akasema siku ya kuganduka ukoo utaipanga, itatangazwa. Nilisikia. Kuganduka nilikuwa nimehudhuria za watu wengi: unaalikwa, unakaa kwenye kiti cha plastiki, mtu wa ukoo wa mume anasema, mtu wa nyumbani kwao marehemu anasema, mnakunywa, mnarudi. Mimi nilikuwa mgeni siku zote. Niliiona kama karamu ya kushukuru. Sikujua kwamba katikati ya kaburi na karamu ile ukoo wote unabaki ndani ya msiba, mwaka mzima ikibidi, na kwamba hakuna anayetoka peke yake.

Ningejuaje? Lukole, baba alipokufa, padre alisoma misa ya siku ya arobaini, tukarudi kwenye foleni ya mahindi. Mama alipokufa ilikuwa hivyo hivyo. Na nyumba pekee niliyokaa ndani ya msiba wake tangu turudi ni nyumba ya Bwana Kamrudin, mama yake alipofariki. Nao walihesabu arobaini, wakasoma, wakapika biriani, kesho yake Mama Rubina akavaa bangili zake na duka likafunguliwa milango yote miwili.

Basi nami nilihesabu. Arobaini ya Ursula ilianguka Jumapili, tarehe 24 Julai. Mama Rubina alikuwa ameniuliza wiki moja kabla.

"Utafanya nini siku hiyo?"

"Nitasomesha misa Mushasha."

"Halafu?"

"Halafu basi, Mama Rubina. Zitakuwa zimekwisha."

"Ndiyo," akasema. "Lazima zikwishe, la sivyo mtu ataishi namna gani?" Akanifungia sambusa. Alisahau, au hakusahau, akafunga za watu wawili.

Baada ya misa nilibaki Gitega wiki moja ili nipange chumba cha kazi cha Ursula. Kasiano alikuwa hajaingia humo. Alinipa ufunguo akabaki kwenye kizingiti.

"Vya wateja warudishie," alisema. "Nguo zake yeye usiziguse. Mama yangu kasema zisubiri."

Nilirudisha sketi mbili, sare ya mtoto wa shule, na suruali ambayo mwenyewe alikana kwamba ni yake mpaka alipoona imeshonwa vizuri. Likabaki gauni moja.

Lilikuwa la kijani. Kitambaa nilikijua, kwa maana nilikikata mwenyewe. Mwezi wa nne Ursula alinipigia simu: "Dada, nitafutie mita tano za kijani za mtu mzima. Zising'ae. Yaani, zing'ae kidogo." Nikamuuliza za nani. Akasema, "Siri ya mteja. Akijua nimekwambia atanikata kichwa." Sasa lilikuwa linaning'inia nyuma ya mlango, pana, mikono yake imeinuliwa mabegani kama ya wale kina mama wanaokaa mbele kanisani. Pindo la chini lilikuwa limeshikizwa kwa pini. Halikuwa na jina. Ursula aliwaandika wateja wote kwenye daftari, lakini huyu hakumwandika. Kwenye kiango palifungwa tu uzi wa mgomba wenye mafundo matano, na kila fundo ni kipimo: kifua, kiuno, nyonga, mkono, urefu.

Nilikaa na uzi ule mkononi. Nilijua jambo moja tu: gauni halijaisha, na aliyelianza hawezi kulimaliza. Nilishona pindo kwa mkono, siku mbili, maana cherehani niliiogopa. Nikapiga pasi. Lakini kwa Ursula kupiga pasi hakukuwa kumaliza.

Jumapili tarehe 31 Julai, saa tisa alasiri, nilijifunga vitenge viwili kiunoni, nikavaa gauni la kijani, nikaenda kwa Nazario. Nilikuwa mtu wa arobaini iliyokwisha. Hivyo ndivyo nilivyojiona.

Ua ulikuwa umejaa. Julai ni mwezi wa harusi na wa watu wa likizo, vijana wenye viatu vyeupe, wasichana wenye nywele za rangi ya shaba, vumbi la kiangazi limeshuka juu ya kila kitu na hakuna anayejali. Nazario mwenyewe aliniona akaweka chini sahani alizobeba.

"Dada ya Ursula," alisema.

"Niletee mishikaki minne na Fanta sitroni."

"Meza gani?"

"Ile yake."

Waziri alikuwa katikati ya wimbo. Aliniona, gitaa likakosa mahali pamoja, akalirudisha. Wimbo ulipokwisha alishuka jukwaani, akaja na miwani yake.

"Dada Jeska. We umekuja na robe ya nani?"

"Sijui, Waziri. Ursula alimficha mwenyewe."

"Alikuwa hajaipima?"

"Bado."

"Bon," akasema. "Sasa mi nafanya namna gani? Natangaza ao sitangazi?"

"Usitangaze."

"Sitangazi. Napiga tu. Ile ya polepole kwanza."

Nilisimama nikainua mikono yote miwili. Sijawahi kuona haya kama siku ile. Mshono wa kwapa la kushoto ulivutika lakini haukulia. Nikakaa, nikala. Nyama ilikuwa nzuri, na nilishangaa kuona ni nzuri, maana tangu Juni nilikuwa nakula bila kujua ninakula nini. Nikainama nikachukua chupa chini. Halafu Waziri akapiga ule wa polepole, nikacheza peke yangu pembeni ya meza. Watu waliomjua Ursula walielewa, wakanipa nafasi. Wasiomjua walimwona mwanamke mwenye tumbo la vitenge anacheza kwa makini kama anayevuka mto.

Wimbo wa haraka ulipoanza, nilisahau. Hiyo ndiyo kweli, siwezi kuiandika namna nyingine. Kwa dakika nne au tano sikuwa nimefiwa. Kitenge kimoja kililegea kikaanza kushuka, nikakishika kwa mkono mmoja, msichana mmoja wa viatu vyeupe akanishikia upande wa pili, tukacheka wote wawili, na gauni halikupasuka popote.

Nilipogeuka nilimwona Manase.

Manase ni mdogo wake Kasiano. Alikuwa amekaa karibu na ukuta, chupa mbele yake, simu sikioni, ananitazama huku anazungumza. Nilimpungia mkono. Hakupunga.

Kasiano alinisubiri mlangoni jioni ile. Nilikuwa nimevua gauni kwa jirani nikaliweka kwenye mfuko, lakini alikwisha kuambiwa.

"Shemeji," alisema, "ulikuwa kwa Nazario?"

"Nilikuwa huko."

"Ulicheza?"

"Nilicheza."

Alivuta kiti akakaa. Hakuwa na hasira, na hilo lilinitisha zaidi. "Jeska, sisi hatujaganduka. Mimi sijakanyaga hata harusi ya mwalimu mwenzangu. Mama hajavaa nguo ya rangi tangu Juni. Wewe ni nani yetu hata ucheze?"

Nikamweleza arobaini. Nikamweleza padre wa Lukole, na Bwana Kamrudin, na biriani. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Hayo ni ya huko," alisema. "Hapa anayejitoa mapema anakuwa amejitenga na maiti. Manase anasema hutaweza kukaa na sisi siku ya kuganduka. Anasema umekwisha kujigandua."

"Na wewe unasemaje?"

"Mimi nasema twende kwa mama."

Usiku ule sikulala. Sikuogopa kusemwa. Niliogopa kitu kimoja. Siku ya kuganduka, mtu wa ukoo wa mume akimaliza kusema, anasimama mtu wa nyumbani kwao marehemu. Anasema alikuwa mtoto wa nani, alizaliwa wapi, alikuwa anapenda nini. Nikikatazwa kukaa, hakuna mwingine. Pale mahali pa kwao Ursula patakuwa kiti kitupu, naye ataondoka kama mtu aliyeokotwa njiani na ukoo wa mume wake. Tuliokulia kambini tunajua maana ya kutokuwa na wa kusema wewe ni mtoto wa nani. Miaka miwili ya kwanza tuliporudi, ndivyo tulivyoulizwa kila ofisi.

Asubuhi tulikwenda Mutoyi. Mama mkwe wa Ursula, Mama Theodosia, anakaa karibu na misioni, nyumba ya matofali yenye uzio wa miyenzi, ile miti ya utomvu. Ni mwanamke mpana, mrefu, mjane wa siku nyingi, ambaye hata padre akichelewesha misa anamwangalia yeye kwanza. Amevaa nguo nyeusi zilizofubaa. Alituketisha sebuleni: mimi, Kasiano, na Manase aliyekuwa ametangulia. Maneno yalisemwa kwa Kirundi. Nayaandika kwa Kiswahili kama ninavyoyakumbuka.

"Sema wewe uliyeona," alimwambia Manase.

Manase alikohoa. "Nimemwona kwa macho yangu. Amevaa gauni la kijani, limejaa, anacheza mbele ya watu, anacheka. Kuna wakati alikuwa anashika tumbo."

"Na wewe ulikuwa unafanya nini huko?"

"Nilikuwa napita, mama."

"Ulipita umekaa?"

Kasiano aliangalia viatu vyake.

"Nilikaa kidogo tu," Manase alisema, "ili nione vizuri."

"Ulikunywa ngapi ili uone vizuri?"

"Mama, hapa tunazungumza habari ya Jeska."

"Ya kwako itakuja." Akanigeukia. "Mwanangu, ni kweli?"

"Ni kweli, mama."

"Kwa nini?"

Nilikuwa nimepanga kuanza na arobaini. Nilianza nayo, nikaona uso wake haubadiliki, nikaiacha. Nikasema, "Ursula aliacha gauni moja halijachezwa."

"Halijafanywa nini?"

Nikamweleza. Mikono juu, kukaa, mishikaki, nyimbo mbili. Manase akaanza kucheka kwa pua. Kasiano alisema taratibu, "Ni kweli, mama. Kila Jumapili. Mimi nilikuwa nabaki nyumbani nasahihisha madaftari, yeye anarudi ananiambia lipi limepasuka." Sikujua kwamba alikuwa anaambiwa. Alilisema bila kumtazama mtu.

Mama Theodosia akasimama. "Jeska, njoo unisaidie moto."

Jikoni hakukuwa na moto wowote. Alifunga mlango wa miti, akakaa kwenye kigoda, akaniacha nimesimama.

"Gauni hilo," alisema kwa sauti ya chini, "mikono yake ikoje?"

"Imeinuliwa mabegani, mama."

"Sana?"

"Kiasi. Kama ya kina mama wa Mushasha."

"Lilikuwa na karatasi ya jina?"

"Hapana. Lilikuwa na uzi wa mgomba."

"Una mafundo mangapi?"

"Matano."

Aliweka mikono yake magotini. Mikono mikubwa, yenye ufa wa jembe.

"Alinipimia hapa hapa, baada ya Pasaka," alisema. "Alikuwa amesahau mita yake Gitega. Nikamwambia basi, acha, ni dalili kwamba sistahili. Akatoka akachuna mgomba nyuma ya nyumba. Nililitaka kwa ajili ya harusi ya mtoto wa dada yangu, mwezi huu wa nane. Sikumwambia mtu. Mwanamke wa umri wangu, mjane, na mabega kama hayo. Manase angecheka mwaka mzima."

Nilikuwa nimemchezea mwenye msiba gauni lake mwenyewe, mbele ya mji mzima.

"Nisamehe, mama. Sikujua ni lako."

"Lilipasuka?"

"Halikupasuka."

"Kwapa la kushoto? Huku mimi ni mpana zaidi, nilimwambia."

"Lilivutika tu. Mshono umekaa."

"Na ukikaa?"

"Nimekula mishikaki minne ndani yake."

"Minne." Alifikiri. "Yeye alikuwa anakula mingapi?"

"Sita, mama."

Alitikisa kichwa polepole, kama mtu aliyethibitishiwa jambo alilolishuku siku nyingi. "Hapa kwangu alikuwa anakula kama ndege. Nilikuwa namwambia Kasiano, huyu mke wako haumwi?" Akachukua ncha ya kitambaa chake cheusi akajipangusa uso, shavu moja, halafu la pili, bila haraka. Nje Manase alikuwa anamwuliza Kasiano kama chai itapikwa au haitapikwa.

Tuliporudi sebuleni alibaki amesimama.

"Jeska amekosa," alisema. "Amekosa kwa kutojua, lakini amekosa. Leo ananyoa tena, anarudi kuanza pamoja nasi. Hatakwenda kwenye ngoma wala harusi mpaka siku yetu. Siku hiyo ataleta dumu moja la urwarwa, pombe ya ndizi, la lita ishirini, na halitatiwa maji."

"Na kukaa?" Manase aliuliza. "Aliyekwisha kujigandua anakaa wapi? Hata wageni watauliza."

"Hatakaa mkekani mbele na sisi. Hilo una haki. Atakaa kwenye kiti karibu na mlango."

Kiti cha karibu na mlango ni cha wageni.

"Lakini wakati wa kwao ukifika," Mama Theodosia aliendelea, "atasimama kutoka hapo mlangoni na kusema. Amsemee ndugu yake. Mimi nataka kusikia alikuwa anapenda nini, maana naona sikumjua nusu yake."

"Mama, watu hawajazoea..."

"Manase, dumu la pili utaleta wewe. Kwa kupita."

Kasiano alicheka. Kilikuwa kicheko kifupi, kikatoka kabla hajakizuia, naye akakifunika kwa mkono. Mama yake alimwangalia tu.

Alininyoa mwenyewe, uani, kwa wembe mpya. Aliponimaliza nyuma ya sikio aliniuliza kwa kunong'ona gauni liko wapi. Nikamwambia liko Gitega kwenye mfuko. Akasema nilichukue niende nalo Muyinga, nilifiche huko, kwa maana Mutoyi hakuna siri inayokaa ndani ya nyumba.

Tangu siku ile nimekaa Muyinga. Bwana Kamrudin aliponiona nimenyolewa mara ya pili aliuliza nani tena amekufa. Nilimweleza, akasema kila watu na hesabu yao, akanihamishia upande wa mashuka meupe ili nisishinde kutwa katikati ya rangi. Rubina, binti yao, aliolewa mwezi wa kumi na mbili. Sikuhudhuria. Mama Rubina aliniletea sahani iliyofunikwa, akakaa nami chumbani robo saa na bangili zake zote mkononi, halafu akarudi kwa wageni. Waziri hunipigia simu mara moja moja Jumapili, anaiweka karibu na spika, hasemi kitu. Nasikiliza wimbo mmoja tu, kisha nakata, kwa kuwa sijui kama kusikiliza kwa simu kunahesabiwa.

Maneno ya kusema nimeyaandika. Ni ukurasa mmoja na nusu. Yana jina la baba, jina la mama, Lukole, bitana ya koti, Magarama, na mishikaki sita.

Kuganduka ni Jumamosi hii, tarehe 17 Juni, saa nane mchana, Mutoyi. Dumu langu liko tayari kwa jirani. Wiki iliyopita Mama Theodosia alituma uzi mpya wa mgomba kwa mtu wa Probox, wenye mafundo matano, bila barua. Nimeupima na ule wa zamani. Amepungua sentimita tatu kiunoni na mbili kifuani, kwa hiyo leo jioni nafumua mishono ya pembeni ya gauni lake, nilipunguze.